Barua ya Kuomba Usalama

Iko nchi moja, wala si mbali, ila ukiiulizia njia watu hugeuka kwanza kutazama nyuma yao, ndipo wakujibu kwamba hawaijui. Nchi hiyo ilikuwa na amani nyingi mno. Amani ilizidi hata ikabidi itungiwe sheria, sheria ikatafutiwa walinzi, na walinzi nao wakatafutiwa watu wa kuwatazama. Kila mwaka taifa liliadhimisha Siku ya Utulivu. Mwaka huo Mtukufu Mlezi wa Taifa alikuwa anatimiza miaka thelathini ya kuwalea watu, ambao wengi wao walikuwa wamemzidi umri, kwa hiyo ikaamuliwa zirushwe fataki.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Hakuna raia aliyeruhusiwa kujua namna ya kulipua kitu chochote. Ndipo wakamwandikia Fundi Mbaruku, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa amekwisha kurusha fataki katika nchi saba, harusini, bandarini na kwenye kutawazwa kwa wakubwa. Shule alisoma vipande vipande, darasa moja hapa, mawili kule, lakini baruti aliisoma yote. Hakumwamini mtu aliyesema baruti ameizoea.

Katibu wa Maadhimisho, bwana mmoja mnene mwenye kalamu tano mfukoni, akampeleka kuuona Uwanja wa Utiifu.

"Sherehe ni saa tisa alasiri," alisema Katibu.

"Alasiri? Fataki alasiri, na jua hilo?"

"Gizani watu hawatambulikani, Fundi. Giza hapa tunalihesabu kuwa mkusanyiko usio na kibali. Usijali, kipaza sauti kitawatangazia wananchi rangi walizoziona."

Nchi saba zilikuwa zimemfundisha Mbaruku kunyamaza. Akaanza kuupima uwanja kwa miguu, kutoka mahali pa kuchimbia mizinga, yaani yale mabomba ya chuma ya kurushia fataki, hadi kwenye viti vya mbele. Viti vilikuwa mia mbili, vidogo vidogo, vimepakwa rangi nyeupe.

"Hatua arobaini," akasema. "Nani anakaa hapa?"

"Kwaya ya watoto. Shule ya Msingi Utulivu."

"Haiwezekani. Wanatakiwa wawe hatua mia mbili. Moja ikienda upande, itawatua mapajani."

"Kamera ya televisheni inataka Mlezi, fataki na watoto, wote katika picha moja."

"Watakuwa picha moja kweli, bwana. Hutajua yupi ni mtoto na ipi ni fataki."

Katibu akacheka, kisha akakumbuka, akageuka kutazama nyuma. "Hapa hatusemi, Fundi," akanong'ona. "Hapa tunaandika. Lete barua."

Mbaruku akaketi juu ya sanduku, akaandika kwa mwandiko wake mkubwa, kwa ufupi, kwa kuwa maneno marefu yalikuwa katika darasa alilolikosa:

*Ndugu Katibu. Naomba usalama uwanjani kabla ya sherehe. Nimekagua, usalama uliopo hautoshi. Watoto wako hatarini. Bila usalama siwashi kitu. Wako, Mbaruku, fundi.*

Katibu aliisoma barua hiyo amesimama, akaimaliza amekaa. Alipofika kwenye "usalama uliopo hautoshi" kijasho kilimtoka, kwa sababu katika nchi ile neno hilo lilikuwa na maana moja tu, na maana hiyo ilikuwa na magari na ilivaa miwani myeusi. Akaigonga muhuri wa SIRI, akaipeleka mwenyewe kwa mkono.

*

Kesho yake asubuhi Mbaruku alikuta uwanja umechangamka. Palikuwa na mtu anayefagia jani moja kutoka mashariki kwenda magharibi, na akifika analirudisha. Palikuwa na muuza karanga ambaye, alipoulizwa kama ni za kukaanga, alisema atauliza ofisini. Katikati yao wote alisimama mtu mrefu mkavu, suti ya kijivu, miwani myeusi.

"Mimi huwa sijitambulishi," alisema. "Lakini waweza kuniita Afande Mashaka. Wewe ndiye uliyesema Usalama hautoshi?"

"Ndiyo, afande. Hautoshi kabisa."

Mfagiaji akaacha jani lake.

"Jana tulikuwa mia moja uwanjani hapa. Leo tuko mia mbili. Tunatosha?"

Mbaruku akajikuna kichwa. "Afande, sizungumzii watu. Nazungumzia umbali. Umbali wa usalama na watoto uwe hatua mia mbili."

"Usalama hatujawahi kukaa hatua mia mbili na watoto, mzee. Tunakaa nao darasani."

"Basi nipatie eneo la usalama, lizungushiwe kamba."

"Tunalo. Halikuzungushiwa kamba, limezungushiwa ukuta. Nakushauri usiliulizie mara ya pili."

Mbaruku akavuta pumzi, akaanza upya, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Akaeleza kwamba zipo fataki zinazoruka na zipo zinazokataa.

"Zinakataa?" Afande Mashaka akatoa daftari. "Kwa maelekezo ya nani?"

"Kwa unyevu tu, afande. Moja ikikataa kuwaka huisogelei. Unaiacha nusu saa imekaa peke yake, halafu unaimwagia maji mpaka ilainike."

Kwa mara ya kwanza afande alimtazama kwa heshima. "Hata sisi ndivyo tunavyofanya," akasema.

Baada ya hapo fataki zikahojiwa. Vijana wa Afande walizipanga mstari mmoja, wakaziuliza majina, na Mbaruku ikabidi azijibie. Zile za kijani ziliondolewa, kwa kuwa kijani ilikuwa rangi ya chama ambacho hakijawahi kuwapo. Zile za mluzi zilizuiliwa.

"Inapiga mluzi? Inamwita nani?"

"Haimwiti mtu, afande. Inapiga tu."

"Hakuna anayepiga mluzi tu," alisema Afande Mashaka, akafunga sanduku.

*

Siku mbili Mbaruku alifanya kazi. Alichimba, akazika kila mzinga hadi nusu, akaushindilia kwa magunia ya mchanga, akaufunga kwa waya kwenye vigingi vitatu. Akapanga ndoo arobaini za maji na mchanga. Kwa kuwa watoto hawakuondolewa, alifanya kitu pekee kilichobaki mikononi mwake: akailaza mizinga kidogo upande wa bwawa lililokuwa nyuma ya uwanja, ili hata ikiharibika, iharibikie majini.

Jioni ya siku ya pili Afande Mashaka alikuja na dira. Akaiweka juu ya mzinga wa kwanza, akatazama, akaivua miwani, akaivaa tena.

"Mbele ya mzinga huu kuna nini?"

"Bwawa."

"Baada ya bwawa?"

"Kilima."

"Baada ya kilima?"

"Mimi mgeni, afande. Sijui."

"Nyumba ya Mtukufu Mlezi. Kilomita nne, mstari mnyoofu."

"Fataki hizi hazifiki hata mita mia mbili!"

"Leo hazifiki. Unanihakikishia vipi nia zao za kesho?"

Wakaja watu ishirini na koleo. Wakaing'oa mizinga yote, wakaigeuza, wakaizika tena imelala upande wa pili, na kwa kuwa walikuwa na haraka, waliilaza zaidi. Mbaruku alipokwenda nyuma ya mzinga na kutazama unakoelekea, aliona viti mia mbili vyeupe.

"Afande! Umewaelekezea watoto!"

"Nimepitia kanuni zote tangu asubuhi," alisema Afande Mashaka kwa upole. "Hakuna hata moja inayokataza kuelekeza mzinga kwa wananchi."

Kila kigingi kikapigwa lakiri nyekundu ya serikali. Kuivunja lakiri hiyo kulikuwa uhaini.

"Basi siwashi," alisema Mbaruku. "Nifunge ukitaka."

"Usiwashe, mzee wangu. Pumzika. Kiberiti hata sisi tunacho. Tutaziwasha zote kwa pamoja, tuokoe muda."

Mbaruku akaihesabu mizinga kwa kidole. Mizinga thelathini, kwa pamoja, imelalia watoto.

*

Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi chini ya jukwaa. Mwalimu wao wa muziki alikuwa mwanamke mfupi, Mwalimu Siwatu, aliyeongoza kwa rula badala ya fimbo. Mbaruku akamsogelea watoto walipokuwa wanakunywa maji.

"Mwalimu, nisikilize. Kesho usiwalete hawa watoto. Waugue, wapotee njia, lolote. Mizinga ile inawaangalia wao."

Mwalimu Siwatu alimtazama kuanzia kofia hadi ndara. Kisha akageukia nguzo ya jukwaa, akaiambia kwa sauti ya juu: "Mimi, Siwatu, mwalimu wa muziki, naipenda sana Siku ya Utulivu na sina sababu yoyote ya kutohudhuria!"

"Mwanangu, si hivyo..."

"Mzee," akamnong'oneza, midomo haichezi, "wewe ni wa tatu mwaka huu. Wa kwanza alikuja kama fundi bomba, wa pili kama shemeji yangu. Waambie waliokutuma kwamba nimefaulu, na mniache nifundishe."

"Sijatumwa na mtu!"

"Na yeye shemeji alisema hivyo hivyo."

Akapiga rula, watoto wakasimama. Waliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wakafika wa tatu, ule unaosema Mlezi hulala macho ili watoto wapate usingizi. Mbaruku alisimama akawasikiliza. Mmoja wa mstari wa mbele alikuwa amevaa soksi mbili za rangi tofauti, na alikuwa anaimba kwa nguvu zote, macho ameyafumba, kama mtu anayesukuma gari.

Mbaruku akapiga hesabu. Mizinga haigusiki, wakubwa hawasikii, na mwalimu haamini. Katika nchi ile, mtu hakuondolewa mahali kwa sababu yuko hatarini. Aliondolewa kwa sababu yeye ndiye hatari. Katika nchi zote saba Mbaruku hakuwahi kupeleka jina la mtu popote. Alikuwa amelala njaa kwa ajili hiyo, na mara moja alilala kwenye mtaro. Akazunguka jukwaa mara mbili, akitumaini kupata njia nyingine kabla hajafika alikokuwa anakwenda. Hakuipata.

"Afande," akasema, "nina neno."

Uso wa Afande Mashaka ukang'aa, kama wa baba anayemsikia mwanawe akitamka kwa mara ya kwanza.

"Wale watoto wa kwaya. Wakifika ubeti wa tatu, wanatabasamu."

"Tabasamu la namna gani? La furaha?"

"La kuelewa."

Daftari likamponyoka afande.

*

Asubuhi ya sherehe, saa tatu, malori manne yaliichukua kwaya nzima na mwalimu wao, yakaipeleka Nyumba ya Maswali, upande wa pili wa mji. Mwalimu Siwatu alihojiwa saa nzima na kuachwa, maana ilionekana hajui kutabasamu. Watoto wakabaki.

Kukazuka taharuki: viti vilikuwa vitupu, na kamera haikutaka viti vitupu. Afande Mashaka alitatua jambo hilo kwa dakika tano. Wanaume mia mbili wa Usalama, wenye shingo nene na ndevu za jana, walivaa sare za kwaya zilizokuwa stoo, kaptura nyeupe na soksi za magotini, wakaketi kwenye vile viti vidogo, magoti yakigusa videvu. Afande mwenyewe alishika rula.

Mbaruku alimwendea mbio. "Afande, hapo mlipokaa patawaka. Nakuomba, rudisha watu wako nyuma. Mimi sitaki mtu aungue, hata nyie."

"Unataka Usalama uondoke mbele ya wananchi?"

"Angalau mvae kofia!"

"Watoto wa kwaya hawavai kofia. Rudi kwenye ndoo zako."

Saa tisa kamili Mtukufu Mlezi alipanda jukwaani. Alihutubia saa moja na nusu juu ya faida za kukaa kimya. "Jirani zetu wana kelele," alisema, "na kelele huleta mawazo. Sisi tumechagua utulivu, na wasioutaka tumewachagulia." Makofi yalipigwa kwa zamu, mkoa kwa mkoa. Kisha akainua leso, na wanaume mia mbili wakaanza kuimba kwa sauti nzito kwamba wao ni vichipukizi.

Kijana wa Afande akawasha tambi za mizinga yote thelathini kwa mwenge mmoja.

Juani hapakuonekana rangi yoyote. Ulionekana moshi, na ndani ya moshi mambo yenye haraka. Fataki ziliruka hatua thelathini, zikainama, zikaingia mistari ya kwaya kama wageni waliochelewa wanaotafuta viti. Kipaza sauti kikatangaza: "Wananchi, mmeona nyekundu! Pigeni makofi! Sasa mmeona dhahabu!" Soksi zilishika moto. Nyusi zilikwenda. Lakini hakuna aliyeinuka, kwa sababu ratiba ilisema wimbo una beti sita, na kila mmoja alijua jirani yake anatazama ni nani atakayeacha kuimba kwanza.

Aliyekimbia ni Mbaruku peke yake. Alikimbia na ndoo mbili mbili, mzee wa sitini na kitu, akimwaga maji mapajani mwa watu, akifukia cheche kwa mchanga, akirudi, akikimbia tena, hadi ndoo zote arobaini zikaisha. Hakufa mtu. Viti vyeupe vya mbele vilibaki vyuma vitupu.

Taarifa ya habari ilisema kwamba sherehe ilifana chini ya usalama mkali.

*

Nje ya Nyumba ya Maswali wazazi walisimama kimya, kila mmoja akijifanya anapita njia. Mwalimu Siwatu hakujifanya. Alikuwa amesimama mbele ya lango, na alipomwona Mbaruku, nguo zimejaa masizi, alimjia moja kwa moja.

"Ni wewe uliyewachongea wanangu."

"Ni mimi, Mwalimu. Nenda uwanjani ukavione vile viti."

"Viti nimeviona," alisema Mwalimu Siwatu. "Watoto sijawaona."

Kutoka ndani, kupitia madirisha ya juu, ilisikika kwaya. Walikuwa wanaimbishwa ubeti wa tatu. Wakiumaliza, wanaanza tena ubeti wa tatu. Sauti zilikuwa zimekauka, na waliowahoji walikuwa bado wanalisubiri lile tabasamu. Katika nchi ile anayetajwa hatoki mpaka shaka iishe, na hakuna aliyewahi kuona shaka ikiisha.

Mbaruku akalisukuma lango, akaingia.

Afande Mashaka alikuwa mezani, hana nyusi, shingo imefungwa bandeji, bila miwani. Macho yake yalikuwa madogo na ya kawaida kabisa.

"Afande, nimekuja kufuta neno langu. Hawakutabasamu. Nilidanganya."

Afande akachukua kalamu taratibu. "Unajua kuudanganya Usalama ni miaka tisa?"

"Najua."

"Na bado umekuja kwa miguu yako." Afande akamchunguza. Katika kazi yake yote hakuwahi kumwona mtu wa namna hiyo, na alichokuwa hajawahi kukiona alikiogopa. "Uliwaondoa watoto, tukakaa sisi. Ulijua nini? Ulidanganya kwa ajili ya nani?"

Mbaruku alikuwa amechoka. Hakuwa na maneno mengine, alikuwa na lile lile alilokuja nalo tangu siku ya kwanza.

"Kwa ajili ya usalama, afande. Tangu mwanzo. Kwa ajili ya usalama tu."

Kalamu ikasimama. Chumba kizima kikasimama. Afande Mashaka akainuka polepole, akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Kwa ajili ya Usalama?"

"Ndiyo."

"Kitengo gani? Hapana, usiniambie!" Akapiga kiganja mezani. "Kwa hiyo yote ilikuwa jaribio! Barua, mizinga, watoto... Mlitaka kuona kama tutakaa mahali petu hata tukiungua. Na tulikaa! Andika kwamba tulikaa!" Akamshika Mbaruku bega. "Mzee, kwa nini hukusema mapema kwamba ni mwenzetu? Anayedanganya kwa ajili ya Usalama hafungwi. Humu ndani sote tungekuwa tumefungwa."

Akapiga kengele. Hapakuwa tena na mashtaka, kwa kuwa hapakuwa na mshtaki, palikuwa na mkaguzi. Milango ikafunguliwa.

Watoto walitoka kwa mstari, mia mbili, wakipepesa macho juani. Mbaruku alisimama pembeni ya lango, mkono wa Afande Mashaka ukiwa bado begani mwake, akawatazama mmoja mmoja wakipita. Nyusi zote zilikuwa mahali pake. Akataka kumwambia Mwalimu Siwatu jambo moja tu, fupi, na alikwisha kufungua mdomo.

Lakini mwalimu alikuwa ameuona mkono ule, na alisikia askari wa lango wakinong'onezana neno "mkaguzi". Akawasimamisha watoto. Akainamisha kichwa, nao wakainamisha.

"Msalimuni mkubwa," akasema.

"Shikamoo, afande!" wakaitikia watoto mia mbili, kwa sauti zilizokauka.

"Shikamoo, afande," akasema Mwalimu Siwatu, bila kuinua macho.

Mbaruku akageuka. Afande Mashaka alikuwa anasikiliza, kichwa amekiegemeza upande, kama mtu anayesubiri wimbo ufike mahali anapopajua. Mstari wa nyuma wa watoto ulikuwa bado haujavuka lango.

"Marahaba," akasema Mbaruku. "Nendeni nyumbani."